Msimu wa Karafuu na Usalama wa Mwanafunzi



Kila mwaka, masika yanapokwisha na upepo wa kusi ukishazikausha njia za mashambani, kisiwa cha Pemba huingia katika kazi ambayo haina mfano wake mahali pengine katika Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Karafuu huanza kubadilika rangi mtini, kutoka kijani kuelekea wekundu, na kuanzia hapo hakuna mwenye shamba anayelala usingizi mzito, kwani karafuu iliyokwisha kuchanua imepoteza thamani yake. Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar hufungua vituo vyake vya ununuzi, majamvi hutandazwa nyuma ya nyumba na kando ya barabara, na harufu hutanda kutoka Micheweni hadi Mkoani. Kazi hiyo huanza katikati ya mwaka, na katika mwaka wa mavuno makubwa huendelea hadi Desemba, pengine ikauvuka mwaka.

Miezi hiyo ndiyo ambayo skuli nazo zinavuna. Mihutasari ya masomo inakaribia mwisho, marudio yanaanza, mitihani ya Baraza la Mitihani la Zanzibar inasogea, na kidato cha nne kinajitayarisha kwa mtihani wa Novemba. Yapo basi mavuno mawili kwa wakati mmoja, na yote mawili yanamtaka mtoto yule yule.

Mazungumzo haya yanamhusu mtoto huyo, hasa mvulana wa skuli ya msingi aliye kati ya umri wa miaka 10 na 14. Maofisini usalama wa wanafunzi aghalabu huwekwa katika jalada moja, na masomo ya mwisho wa mwaka katika jalada jingine. La kwanza hupelekwa kwa polisi na kwa watu wa afya. La pili hubaki kwa mwalimu mkuu na Afisa Elimu wa Wilaya. Utengano huo unastahili kuchunguzwa, kwa sababu huko Pemba mambo hayo mawili ni jambo moja. Mwanafunzi anayekosekana darasani mwezi wa Septemba yuko mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni juu ya mti.

Yafaa kwanza kukumbuka jinsi mti huo ulivyoyakamata maisha ya kisiwa. Mkarafuu uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, ukitoka katika visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa vimelimwa na Wafaransa. Kwa muda mrefu Unguja ndiyo iliyokuwa na sifa ya karafuu, hata ulipofika mwezi wa Aprili mwaka 1872, kimbunga kikubwa kilipoing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba ikiwa imesimama. Tangu hapo Pemba imekuwa ndilo shamba la karafuu la Zanzibar, na hadi leo sehemu iliyo kubwa kabisa ya karafuu za Visiwani hutoka huko. Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wenye mashamba walilazimika kuwalipa wachumaji, na malipo yakawa kwa kipimo cha pishi. Desturi hiyo ilirithiwa kizazi baada ya kizazi. Ina haki yake, kwani mchumaji hodari hupata malipo ya uhodari wake. Lakini pishi haiulizi umri. Pishi iliyojazwa na mtoto wa miaka 12 ina thamani sawa na iliyojazwa na baba yake, na katika shughuli nzima hakuna kipimo kingine kinachomtenga mtoto na mtu mzima.

Mkarafuu si mwembe. Mwembe humvumilia mtoto. Matawi yake ni manene na yamejitanua, na kila mtoto wa pwani amekulia humo. Mkarafuu ulioachwa ukue kwa miaka mingi huenda juu hata mita 15, na matawi yake ni mepesi kuvunjika, tena huvunjika ghafla bila ya kupinda kwanza. Karafuu zenyewe huota kwenye ncha za matawi, yaani mahali ambapo tawi ni dhaifu kuliko pote. Hapa ndipo wavulana wanapoingia katika hesabu. Mtu mzima ni mzito mno kwa ncha hizo. Hutumia ngoe kulivuta tawi, ama hulifunga kamba, ama huziacha karafuu zichanue. Mtoto mwepesi huambiwa apande, kwa kuwa tawi litamchukua. Nalo humchukua, leo na kesho na wiki nzima, mpaka mvua za vuli zinapoanza kunyesha na gome kuteleza, au mpaka anapofika kwenye tawi lililooza ndani ambalo kwa macho halitofautiani na mengine. Hesabu ya mwenye shamba huwa sahihi siku zote za msimu isipokuwa moja.

Anayeanguka kutoka mita sita au saba huvunjika mkono, mguu au nyonga. Na akiangukia mgongo au kichwa, huenda akaumia ubongo au uti wa mgongo. Majeraha ya uti wa mgongo yanastahili kusemwa kwa kirefu, kwa sababu hapo ujinga wa dakika tano waweza kuzaa ulemavu wa miaka 50. Desturi ya waliopo shambani ni kumkimbilia aliyeanguka, kumwinua, kumkalisha, kumnywesha maji, kisha kumpandisha pikipiki akiwa amebanwa katikati ya watu wawili. Kila tendo katika hayo hufanywa kwa mapenzi, na kila moja laweza kuukata uzi wa uhai ambao ulikuwa bado haujakatika. Kinachotakiwa ni kinyume chake. Mtoto aachwe kama alivyolala, kichwa na shingo vishikwe visigeuke, asipewe kitu kinywani, na utafutwe ubao, hata mlango wa kibanda, alazwe juu yake akiwa amenyooka, kwa mikono ya watu wanne au zaidi wanaomwinua kwa pamoja. Kisha achukuliwe kwa gari akiwa amelala. Hospitali za Wete, Chake Chake na Micheweni, na ile ya Abdalla Mzee ya Mkoani, haziko mbali mno na shamba lolote la kisiwa ambacho urefu wake hauzidi kilomita 70; lakini aliyeumia uti wa mgongo huenda akahitaji kuvushwa bahari hadi Mnazi Mmoja, Unguja, na safari ya namna hiyo humfaa tu yule ambaye hakuharibiwa zaidi njiani.

Somo hilo la huduma ya kwanza halihitaji fedha wala mtaalamu kutoka nje. Mwalimu wa sayansi anaweza kulifundisha kwa kipindi kimoja cha dakika 40 mwezi wa Julai, kabla msimu haujakolea, akitumia meza ya darasa badala ya ubao na mwanafunzi mmoja badala ya majeruhi. Wanafunzi watalifikisha nyumbani jioni ile ile. Watalifikisha pia kwa wazee wao wanaochuma, ambao nao huanguka, tena kwa wingi kuliko watoto.

Kwa upande wa sheria hakuna shaka. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, inakataza ajira ya watoto, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya umri wa miaka 18 na kumlinda na kazi zenye madhara kwake. Aidha, Serikali kupitia Shirika la Taifa la Biashara iliweka utaratibu wa kuwafidia wachumaji wanaoanguka mikarafuu. Ni utaratibu wa busara, kwani mchumaji ndiye anayebeba hatari yote ya zao ambalo faida yake inaenea nchi nzima. Hata hivyo linabaki swali ambalo watumishi wa umma wanapaswa kuulizana bila ya kuona haya: ni mzazi gani atakayekwenda kuomba fidia ya mtoto ambaye sheria ilikataza asiwe juu ya mti? Si ajabu akanyamaza, au akasema kwamba mtoto ameanguka mwembe. Ajali hiyo haitaingia katika daftari la Shirika, wala la sheha, wala la skuli, na mwaka unaofuata itasemwa katika mikutano kwamba ajali za watoto ni chache.

Ni kwa sababu hiyo kwamba daftari la mahudhurio, ambalo walimu wengi huliona kuwa karatasi ya kumridhisha mkaguzi, ni chombo cha kwanza cha usalama alichonacho mtoto wa Pemba. Hakuna chombo kingine cha umma kinachomtaja mtoto huyo kwa jina lake kila asubuhi. Polisi hawamtaji. Hospitali humtaja baada ya kuumia. Mwalimu peke yake ndiye anayejua, saa mbili za asubuhi, kwamba fulani hayupo leo na jana hakuwapo.

Pemba inaijua gharama ya kutohesabu watu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa imechukua watu kupita kiasi ilichoruhusiwa. Maiti zilizopatikana zilikuwa zaidi ya 200 na waliookolewa zaidi ya 600, lakini Tume iliyoundwa kuchunguza msiba huo ilikuja kuona kwamba waliopotea wasionekane tena walizidi 1,000. Orodha ya abiria haikulingana na watu waliokuwamo melini, na idadi ikabidi itafutwe baada ya msiba. Ziko nyumba ambazo mpaka leo hazina kaburi la kuzuru. Msiba huo ulizungumzwa sana kama jambo la bahari na leseni za meli, na ni kweli ulikuwa hivyo. Lakini kabla ya yote ulikuwa jambo la watu ambao hakuna aliyewahesabu wakati wa kupanda.

Katika msimu wa karafuu daftari la skuli huanza kusema uongo kwa njia tatu. Kwanza, mwanafunzi huitika asubuhi na kuondoka wakati wa mapumziko, naye huandikwa kuwa yupo siku nzima. Pili, katika skuli zenye mikondo miwili, mtoto wa mkondo wa mchana hupita shambani asubuhi, akachoka, asifike. Na kwa kuwa mkondo wa mchana una usimamizi hafifu zaidi, kutofika kwake hakushtui mtu. Tatu, na hii ndiyo mbaya kuliko zote, alama ya utoro huandikwa kwa uaminifu kabisa, siku 14, siku 20, na hakuna linalofuata. Daftari limejaa, mkaguzi ameridhika, mtoto yuko mtini.

Shule za bweni za wavulana, za misheni za Kikatoliki huko Bara zikiwemo, zina desturi ya kuhesabu watoto zaidi ya mara moja kwa siku: asubuhi, baada ya michezo, na usiku kabla ya taa kuzimwa. Yapo mengi katika malezi ya kimisheni ambayo wananchi walikuwa na haki ya kuyapinga, na mwaka 1964 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilizitwaa skuli za mashirika ya dini na za jumuiya, za Wakatoliki pia, ili mtoto wa dini yoyote na kabila lolote asome katika skuli moja. Lakini ile desturi ya kuhesabu haina dini. Skuli ya kutwa ya Pemba inaweza kuichukua bila ya gharama: kuita majina mara ya pili baada ya mapumziko, katika miezi ya Agosti hadi Desemba, na kumpelekea sheha jina la yeyote aliyekosa siku tatu mfululizo. Siku tatu, si mwezi. Baada ya mwezi mtoto amekwisha kuzoea kulipwa.

Hapa mwalimu mwenye haki ataleta hoja yake, nayo ni nzito. Atasema kwamba mzazi ni maskini, kwamba mwaka mzima nyumba hiyo haioni fedha ila katika miezi hii, na kwamba kumzuia mtoto ni kumnyima mama yake sare ya skuli na chakula. Ni kweli kwamba umaskini wa Pemba ni mkubwa kuliko wa Unguja. Ni kweli pia kwamba elimu bila malipo iliyotangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964 iliondoa ada, lakini haikuweza kuondoa ile gharama nyingine, yaani kazi ya siku moja ambayo nyumba inaikosa mtoto anapokaa darasani. Bei ya karafuu ilipopandishwa kwa kiasi kikubwa mwaka 2011, wakulima walinufaika kwa haki, na kwa hesabu hiyo hiyo gharama ya kumwacha mtoto skuli nayo ilipanda. Mzazi anayempeleka mwanawe shambani anajua hesabu. Kumkemea hadharani kana kwamba hana akili ni kupoteza wakati.

Wengine hushauri kwamba dawa ni kuzifunga skuli wakati wa mavuno, ili watoto wasaidie kwa ruhusa badala ya kutoroka. Rai hiyo inaonekana nyepesi mpaka mtu atazame jinsi karafuu inavyoiva. Haiivi kwa siku moja kama mpunga wa bonde moja. Mti huu uko tayari leo, ule wa jirani wiki ijayo. Na katika mti mmoja matawi ya juu na ya chini hayaendi pamoja, kiasi kwamba wachumaji huurudia mti huo huo zaidi ya mara moja. Likizo ya siku 10 haifuniki msimu wa miezi minne au mitano, na likizo ya miezi minne ni kuufuta mwaka. Tena likizo ingehalalisha jambo lenyewe lenye hatari. Mtoto aliyeruhusiwa na skuli kwenda shambani amepandishwa mtini na skuli.

Ipo njia iliyo karibu zaidi na maisha ya watu. Kazi ya karafuu ina pande mbili, juu ya mti na chini ya mti. Chini ziko kazi za kuokota zilizodondoka, kuchambua karafuu na makonyo, kuanika, kugeuza na kuanua mvua inapotishia. Kazi hizo mtoto anaweza kuwasaidia wazee wake baada ya saa za skuli na za chuoni, na hakuna mtu mwenye busara atakayeita jambo hilo uhalifu, mradi uchambuaji usiendelee hadi saa sita za usiku, kama unavyofanyika katika nyumba nyingi, na wasichana hasa wakaja darasani kusinzia. Juu ya mti ni kwa watu wazima peke yao. Mpaka huo, wa juu na wa chini, unaeleweka na kila mtu bila ya kusomewa kifungu cha sheria, na sheha anaweza kuusimamia kwa macho yake. Mkulima akiona kwamba Serikali haiyakatazi mambo yote, atakuwa tayari zaidi kulisikiliza katazo lililo moja.

Mavuno makubwa hayaji kwa kushtukiza. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Huzaa sana mwaka mmoja, kisha hupumzika, na mavuno makubwa hurudi baada ya miaka kadhaa. Maofisa wa kilimo na wa Shirika hufanya makisio kabla ya msimu, kwa sababu wanahitaji kujua magunia, majamvi na fedha za ununuzi. Ni nani amewahi kuyapeleka makisio hayo kwa Maafisa Elimu wa Wilaya nne za Pemba? Kama yangefika mezani kwao mwezi wa Mei, mwalimu mkuu wa skuli iliyozungukwa na mashamba angejua kwamba mwaka huu anatazamia upungufu mkubwa wa wanafunzi kuanzia Agosti, akayapanga masomo magumu, kama sehemu za hesabu na sarufi, yaishe kabla ya Julai, na miezi ya karafuu akaiachia marudio. Karatasi moja kutoka ofisi moja kwenda nyingine katika mji huo huo wa Chake Chake ingefanya kazi ambayo semina nyingi hazikuifanya.

Linalofanyika sasa ni tofauti. Skuli humpoteza mtoto Septemba, kisha Novemba hushtuka na kumtafuta usiku. Huanzishwa kambi za masomo, watoto hulala madarasani au katika dakhalia zilizojengwa kwa idadi ndogo zaidi, magodoro hupangwa mlangoni, na masomo huendelea hadi usiku wa manane. Nia ni njema, na ndiyo maana hakuna anayethubutu kuihoji. Lakini misiba kadhaa iliyowapata wanafunzi wa Afrika Mashariki ilizaliwa na nia njema. Tarehe 23 Agosti 2009 wasichana 12 waliteketea katika bweni la Shule ya Sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, na ilielezwa kwamba moto ulianza kwa mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea baada ya umeme wa jenereta kuzimwa. Tarehe 6 Mei 2017 wanafunzi 32 wa Shule ya Msingi ya Lucky Vincent ya Arusha, pamoja na walimu wawili na dereva wao, walikufa basi dogo lilipotumbukia korongoni huko Karatu. Walikuwa njiani kwenda kufanya mtihani wa kujipima pamoja na wenzao wa shule nyingine. Na Septemba 2024, wavulana 21 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri nchini Kenya, bweni ambalo lilikuwa na watoto zaidi ya 150 usiku huo.

Mshumaa wa Idodi ulikuwa mshumaa wa kujisomea. Safari ya Karatu ilikuwa safari ya mtihani. Mwalimu mkuu wa Pemba anayetaka kufungua kambi mwaka huu ana mambo machache ya kuyatazama kabla ya kitabu chochote: milango miwili inayofunguka kwa nje na isiyofungwa kufuli watoto wanapolala, madirisha yasiyo na nondo zisizoondoka, nafasi ya kupita kati ya magodoro, nyaya za umeme ambazo hazikuunganishwa na mtu wa kupita, mtu mzima aliye macho usiku kucha, na orodha ya majina iliyobandikwa nje ya jengo, isiungue pamoja nalo. Asipoyapata yote, ni heri watoto warudi makwao magharibi. Masomo ya ziada ya saa moja na nusu mchana, kwa mtoto aliyekuwapo mwaka mzima, yanatosha. Kwa yule ambaye hakuwapo, wiki mbili za kukesha hazimrudishii miezi mitatu.

Ipo pia sehemu ya mwaka ambayo haizungumzwi kabisa, nayo ni zile siku baina ya kumalizika kwa mitihani na kufungwa kwa skuli. Walimu wanasahihisha. Wanafunzi wameambiwa waje, lakini hakuna anayewafundisha, na wavulana hawakai bure. Huenda pwani kuogelea, huenda kwenye mifereji iliyojaa maji ya vuli, na huenda kwenye karafuu za mwisho, zile zilizobaki kwenye ncha za juu kabisa kwa sababu watu wazima walishindwa kuzifikia. Kama kuna wiki za hatari kuliko nyingine, huenda ni hizo.

Na kwa bahati ni wiki nzuri sana za kufundishia, maana hakuna tena hofu ya mtihani. Karatasi zilizosahihishwa zikirudishwa na kufanywa upya ubaoni, swali baada ya swali, mwanafunzi hujifunza kutokana na kosa lake wakati bado analikumbuka. Skuli nyingi hutoa alama tu na kuzifunga karatasi kabatini. Hesabu ya sehemu iliyowashinda nusu ya darasa yaweza kufundishwa kwa karafuu zenyewe: kilo tatu hivi za karafuu mbichi hutoa kilo moja iliyokauka, basi mkulima aliyechuma kilo 45 atapeleka kituoni ngapi, na akiziuza kabla hazijakauka vizuri amepunjwa au amepunja? Sayansi itauliza kwa nini makonyo nayo yana mafuta, na kile kiwanda cha mafuta ya makonyo kilichopo Wawi kiko karibu vya kutosha kwa wanafunzi wa Chake Chake kwenda na kurudi kabla ya adhuhuri, wakihesabiwa wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Mtoto aliyekuwa akidhani kwamba skuli na shamba ni maadui ataona kwamba skuli inalijua shamba kuliko anavyolijua yeye.

Kwa wanafunzi na walimu wa visiwa vidogo, kama Kojani, Fundo, Makoongwe na Kisiwa Panza, ambao baadhi yao huvuka maji kufuata masomo, miezi hiyo ni ya kugeuka kwa upepo, kutoka kusi kwenda kaskazi, na bahari haina ahadi. Chombo kisichukue zaidi ya kiasi chake hata kama ni siku ya mtihani. Baraza la Mitihani lina taratibu za mtahiniwa aliyezuiwa na dharura, na mwalimu mkuu anayezijua hatamlazimisha nahodha kung'oa nanga.

Limebaki jambo la Januari. Skuli zinapofunguliwa, daftari jipya huandikwa, na wanaoandikwa humo ni wale waliofika. Aliyevunjika mguu mwezi wa Novemba, aliyekwenda Unguja kutibiwa, aliyeonja fedha za karafuu akaona haya kurudi darasani na wadogo zake, hao jina lao halihamishwi kutoka daftari la zamani, na kwa njia hiyo huacha kuwa wanafunzi bila ya mtu yeyote kuamua hivyo. Mwalimu wa darasa ayaweke madaftari yote mawili mezani katika wiki ya kwanza na kuandika majina yaliyomo katika la zamani na yasiyomo katika jipya. Orodha hiyo ipelekwe kwa sheha kabla ya Ijumaa, na sheha, ambaye anazijua nyumba zote za shehia yake, ajibu kwa maandishi kila mtoto yuko wapi.